Maumivu Yasiyoisha Chini ya Mlima Meru

Swali la kutibu maumivu sugu bila dawa za jamii ya afyuni limeanzia mbali na sisi. Nchini Marekani, baada ya vidonge vya OxyContin, dawa ya jamii hiyo, kuingia sokoni mwaka 1996, madaktari walianza kuwaandikia wagonjwa wa mgongo na magoti dawa ambazo zamani waliwawekea wenye saratani na waliotoka chumba cha upasuaji. Kufikia mwaka 2021 na 2022, dawa za jamii hiyo, za hospitalini na za vichochoroni, zilikuwa zinaua watu zaidi ya 80,000 kwa mwaka nchini humo. Wamarekani wana kila sababu ya kutafuta njia nyingine, tena haraka.

Arusha tunaanzia kwingine kabisa. Mwaka 2017 tume ya wataalamu iliyoundwa na jarida la tiba la Lancet ilipiga hesabu ya dunia nzima: katika tani 298.5 za dawa hizo zilizokuwa zikisambazwa kwa mwaka, nchi za kipato cha chini ziliambulia tani 0.1, yaani kilo mia moja za kugawana. Mama mwenye mgongo uliokaza kule Oldonyosambu hana mofini ya kuachishwa. Tukilibeba swali la Wamarekani lilivyo, tutajikuta tunamkinga na dawa ambayo hajawahi kuiona, huku ile inayomdhuru tukiiacha iuzwe kaunta.

Dawa hiyo ni diklofenaki, pamoja na ndugu zake: ibuprofeni, piroksikamu, meloksikamu, na vile vidonge vya diklofenaki iliyochanganywa na panado. Simama kwenye duka la dawa Ngaramtoni siku ya soko. Mama wa miaka sitini na kitu anatua mzigo wake wa ndizi, anaegemea kaunta kwa viwiko ili kiuno kipumue. "Shikamoo, yeyo," binti wa dukani anamwamkia. "Marahaba mwanangu. Nipe zile za mgongo." Binti hahitaji kuuliza ni zipi. Anakata vidonge kwa mkasi, anavitia kwenye kibahasha, anaandika 1x3 kwa kalamu, anarudisha chenji. Hakuna aliyeuliza kama yeyo ana presha, kama amekula, kama choo chake kimekuwa cheusi siku za karibuni, wala ameanza kumeza vidonge hivyo tangu lini.

Simlaumu binti huyo. Nyuma ya mama kuna foleni, na duka linaendeshwa kwa mauzo. Lakini vidonge vinavyofaa kwa siku tano za jino au kifundo kilichoteguka hugeuka kitu kingine vikimezwa miaka mitano. Hutoboa utando wa tumbo, mtu akaja kutapika damu. Hupandisha presha na kuivuruga dawa ya presha anayomeza asubuhi. Huchosha figo polepole, bila maumivu yoyote ya kumshtua, hadi siku miguu inapovimba. Diklofenaki yenyewe huongeza pia hatari ya mshtuko wa moyo. Kwa mzee mwenye presha na kisukari, hii ndiyo dawa ya maumivu ya kuogopwa hapa kwetu, na sioni mabango yake popote.

Wataalamu huyaita maumivu kuwa sugu yanapopita miezi mitatu. Muda huo si wa kubahatisha. Vidonda vingi hupona ndani yake, na maumivu yanayobaki baada ya hapo mara nyingi hayapimi tena ukubwa wa jeraha. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo hujizoesha kuuma. Mbwa aliyewahi kuvamiwa na mwizi usiku mmoja huweza kuishia kumbwekea hata mwenye nyumba, na ndivyo mwili unavyofanya: kuinama kuokota sufuria, jambo lisilo na hatari yoyote, kunapokelewa kama shambulio. Maumivu hayo ni ya kweli kabisa. Mgonjwa hadeki, wala hajalogwa. Ila kumwongezea dozi hakumfundishi mbwa kutulia.

Hata hivyo, kabla ya kumwambia mtu kwamba mgongo wake ni wa kuzoeana nao, kuna magonjwa ambayo hayafai kuachwa, na ukanda huu una yake. Kifua kikuu huingia kwenye pingili za uti wa mgongo na kuzila taratibu, huku mgonjwa akikonda na kutoka jasho usiku. Tezi dume ikigeuka saratani hupenda kujitangaza kwa kiuno cha mzee. Na katika jamii za wafugaji, kuanzia Monduli hadi Longido, brusela inayotokana na maziwa yasiyochemshwa huleta maumivu ya viungo na mgongo ya miezi mingi, yenye homa inayokuja na kuondoka; watu hutibiwa malaria mara kadhaa kabla mtu hajauliza habari za maziwa. Brusela hupona kwa antibiotiki mbili zinazomezwa pamoja kwa wiki sita. Mgonjwa mwenye homa, anayepungua uzito, anayepata ganzi sehemu za siri au kushindwa kuzuia mkojo, apelekwe hospitali siku hiyohiyo. Kumpa vidonge vya mgongo ni kumfichia ugonjwa.

Halafu kuna maji.

Kokote nchini mtu aliyekulia chini ya Meru hutambulika kwa meno yake ya kahawia, na wengi tumeishia hapo, kwenye meno. Miamba ya volkano iliyoujenga mlima huu imejaa madini ya floraidi, na chemchemi nyingi huyabeba hadi bombani. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Mito ya Ngarenanyuki na Maji ya Chai imepimwa mara nyingi na kukutwa na zaidi ya miligramu 10. Kwa miaka mingi nchi yetu haikuwa na namna ila kuvumilia: viwango vya muda vya mwaka 1974 viliruhusu hadi miligramu 8, baadaye vikashushwa hadi 4, na leo ni 1.5, sawa na pendekezo hilo la Shirika la Afya Duniani. Wazee wa leo wa Uwiro, Kitefu na Oldonyosambu ndio watoto waliokunywa maji ya enzi hizo.

Floraidi ikizidi katika maji anayokunywa mtu miaka nenda rudi, haiishii kwenye meno. Huingia mifupani, mifupa ikawa mizito lakini dhaifu. Huota vimiba pembezoni mwa pingili. Mishipa inayoshika viungo hugeuka migumu kama mfupa. Mwanzo ni kuamka umekakamaa na nyonga kuuma, hali inayofanana na baridi yabisi yoyote, kwa hiyo mtu hupewa diklofenaki. Mwisho wake ni shingo isiyogeuka na mgongo usioinama. Kwa watoto miguu hupinda. Baadhi yao hufanyiwa upasuaji wa kunyoosha mifupa na kuuguzwa wiki kadhaa katika nyumba ya Plaster House hapa Arusha, iliyoanzishwa mwaka 2008 kwa ajili ya watoto wanaosubiri mifupa ipone. Anayetaka kujua floraidi inafanya nini, akawaone watoto hao wakijifunza kutembea upya kwenye plasta.

Hakuna kidonge kinachoitoa floraidi mfupani, na ndiyo maana kwa maoni yangu tiba kubwa kuliko zote ya maumivu katika Arumeru imo mikononi mwa wahandisi wa maji. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi kwa miaka mingi ya kuchuja floraidi kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe, teknolojia ambayo fundi wa kijijini anaweza kuijenga ndani ya ndoo. Katika Taasisi ya Nelson Mandela pale Tengeru, Dk. Askwar Hilonga alibuni chujio la nano lililompatia Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Uhandisi mwaka 2015. Mradi wa maji wa jiji wa shilingi bilioni 520, uliogharimiwa kwa sehemu kubwa na mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, umewaletea wakazi wengi maji yenye nafuu. Vijiji vya juu na vya kaskazini mwa mlima bado vinahesabu ndoo.

Nyumbani nako kuna la kufanya, na hapa makosa ni mengi. Kuchemsha maji hakuondoi floraidi. Maji yanapopungua kwenye sufuria, floraidi inabaki na kukolea. Maji ya mvua ya bati ndiyo safi kuliko yote kwa jambo hili, na simtanki la mvua linapaswa kutengwa kwanza kwa watoto wadogo na mama mjamzito. Magadi tunayotia kwenye makande na maharage ili yaive haraka yana floraidi yake, wakati mwingine nyingi kuliko maji yenyewe. Kuloweka maharage usiku kucha kunamaliza kazi hiyohiyo bila magadi. Najua loshoro na makande ni chakula cha heshima nyumbani kwetu, na sisemi viachwe. Kinachotakiwa kuachwa ni kile kijiko cha magadi.

Sababu nyingine kubwa ya maumivu ni kazi. Uchumi wa Arusha unabebwa mabegani, kichwani na mgongoni: mama wa Kimeru anayeshuka na majani ya ng'ombe, kijana wa mkokoteni pale Kilombero, dereva wa bodaboda kwenye barabara za mawe, wanaapolo, wachimbaji wanaotambaa chini ya ardhi kule Mirerani, mabinti wanaosimama kutwa kwenye mashamba ya maua ya Usa River, na wagumu wanaopandisha mizigo ya watalii Meru na Kilimanjaro. Kwa wagumu hao angalau kuna kanuni ya kilo 20 kwa mtu, na mizani getini. Mama wa majani hana mizani wala geti.

Kwa wote hawa, utafiti wa miaka ya karibuni umesema jambo ambalo lingepaswa kututia moyo. Mwaka 2018 jarida la JAMA lilichapisha jaribio la Marekani lililowafuata kwa miezi 12 wagonjwa 240 wenye maumivu sugu ya mgongo, goti au nyonga. Nusu walipewa dawa za jamii ya afyuni, nusu wakapewa panado na dawa nyingine za kawaida. Waliotumia afyuni hawakuwazidi wenzao katika kufanya kazi zao za kila siku, na walipata madhara zaidi. Mwaka 2023 utafiti wa Australia uliwaangalia watu wenye maumivu mapya ya kiuno na shingo, na hapo pia dawa hizo hazikuwa bora kuliko vidonge visivyo na dawa ndani. Kwa mgongo na goti, kwa hiyo, hatujapoteza kitu kwa kukosa afyuni. Tulichokikosa ni kile kinachofanya kazi badala yake.

Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wake wa kwanza kuhusu maumivu sugu ya kiuno; maumivu ya kiuno kwa jumla yaliwagusa watu milioni 619 mwaka 2020. Mwongozo unapendekeza mgonjwa aelezwe ugonjwa wake vizuri, apewe mazoezi, aguswe kwa mikono ya mtaalamu ikiwamo kukandwa, asaidiwe kuikabili hofu na huzuni inayofuatana na maumivu, na dawa za kutuliza uvimbe zitumike kwa uangalifu. Unakataa afyuni, unakataa kuvutwa kwa mashine, unakataa pia mikanda ya kiuno, ileile inayoning'inizwa na machinga kila kona ya mji. Mkanda humfanya mtu aone ameshikiliwa, lakini si tiba, na fedha hiyo ingelipa nauli ya kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi tiba.

Mazoezi tiba yenyewe hayana maajabu ya kuyatazama. Mgonjwa analala chali kwenye mkeka, anakunja magoti, anainua makalio taratibu na kuyashikilia huku akihesabu hadi kumi, anashusha. Mwenye goti anakaa kwenye kiti cha kawaida, ananyoosha mguu mmoja mbele na kuushikilia hivyo hadi paja litetemeke. Mtaalamu anamwangalia anavyoinama kuchukua ndoo, anamwonyesha kuchuchumaa na kuileta karibu na kifua. Anamshauri majani ayagawe mafungu mawili, safari mbili, na ufagio wa chelewa aufunge kwenye mpini mrefu ili kufagia uwanja kusiwe adhabu ya kila alfajiri. Kisha anamwambia neno ambalo wengi hawajawahi kuambiwa na mtu yeyote: kwamba kuuma kidogo wakati wa zoezi si kujiharibu, na kulala kitandani wiki nzima kunamzidishia. Nafuu huja baada ya wiki sita, wakati mwingine kumi na mbili. Si habari tamu kwa mtu anayetaka kupalilia kesho.

Na hapo ndipo penye ugumu wenyewe. Tiba hii inakula muda wa binadamu, na mfumo wetu umezoea kulipia vitu: kidonge, kipimo, picha ya eksirei. Chuo cha KCMC pale Moshi kinafundisha wataalamu wa mazoezi tiba, hospitali ya mkoa ya Mount Meru na hospitali za Kilutheri za ALMC na Selian zinao, lakini zahanati ya kijijini haina, na mgonjwa wa mgongo hawezi kupanda gari mara mbili kwa wiki kwenda kuinua makalio mjini. Kwenye Mfuko wa Afya ya Jamii (CHF) ulioboreshwa, kaya ya watu sita ilikuwa ikilipa shilingi 30,000 kwa mwaka, na kwa kadi hiyo mgonjwa alipata vidonge karibu na nyumbani. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ilipitishwa mwaka 2023. Nafasi ya kuingiza mazoezi kwenye orodha ya huduma za ngazi ya chini ipo wazi. Siku za kliniki za presha na kisukari tayari zinawakusanya wazee walewale wenye magoti. Mtaalamu mmoja wa wilaya akizunguka zahanati hizo kwa zamu, na nesi akafundishwa mazoezi matano ya kuendelea nayo, akina mama wangeyafanya pamoja kwenye vikundi vyao vya VICOBA, wakikumbushana. Kikundi kina faida ambayo chumba cha daktari hakina: mtu mwenye maumivu sugu huanza kujitenga, na upweke huo wenyewe huyakoleza maumivu.

Maumivu ya mishipa ya fahamu ni jamii nyingine, na hayasikii diklofenaki hata kidogo. Mwenye kisukari husema nyayo zinawaka moto usiku. Aliyeishi na VVU muda mrefu, au aliyepona mkanda wa jeshi, husema anachomwa sindano. Kwa hawa ipo dawa ya zamani na ya bei ndogo, amitriptilini, iliyotengenezwa kwa ajili ya sonona. Dozi ndogo ya usiku, kuanzia miligramu 10 au 25, hutuliza mishipa na kuleta usingizi. Wengi huikataa wakisikia ni "dawa ya akili", kwa hiyo anayeiandika lazima aeleze kwa nini. Sukari nayo ishikwe, la sivyo moto hauzimiki.

Watu wa hapa hawakusubiri hospitali. Akina mama wa Kimasai wanaouza mizizi na magome huwa na wateja kutoka kila mkoa, na supu yenye mzizi wa olkiloriti huaminiwa kwa viungo na uchovu. Kukandwa kwa maji ya moto na kuchuliwa kwa mafuta ni tiba zenye maana, na mwongozo wa 2023 uko upande wa bibi katika hilo. Kuumikwa na kuchanjwa chale ni jambo jingine: ushahidi ni mdogo, na wembe usio safi huleta homa ya ini na VVU. Zaidi ya yote naogopa unga wa "mitishamba" unaoondoa maumivu yote ndani ya saa moja. Mti haufanyi hivyo; mara nyingi ndani yake pamesagwa steroidi au hiyohiyo diklofenaki.

Mwaka 2011 mkoa huu ulionyesha dunia jinsi watu wenye magonjwa yasiyoisha wanavyotafuta mtu wa kuwapokea. Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile aliwanywesha dawa ya mugariga pale Samunge, Loliondo, kikombe kwa shilingi 500, na magari yakapanga foleni ya kilomita kwa kilomita. Wapo waliofia njiani, wapo walioacha dawa zao za VVU na kisukari wakaja kujutia. Dawa haikuthibitika. Lakini tusipuuze kilichowavuta: mtu aliyewatazama usoni, akawapokea kwa zamu bila kuuliza cheo, kwa bei ambayo maskini aliimudu. Huduma za maumivu zinazoanza kwa kumkatisha mgonjwa kauli zitaendelea kumpoteza.

Wengine husema jibu liko Kisimiri Juu, kwenye mashamba ya bangi ambayo mamlaka ya dawa za kulevya iliyafyeka mwaka 2023. Chama cha kimataifa cha wataalamu wa maumivu kilipitia ushahidi na mwaka 2021 kikasema hautoshi kuiunga mkono kama tiba. Tuyaache hayo kwa watafiti.

Limebaki jambo ambalo hofu ya Marekani inaweza kutuharibia. Kuna maumivu ambayo hayana njia mbadala: saratani ya kizazi iliyofika mifupani, saratani ya koo, mtoto wa selimundu katikati ya shambulio, majeruhi wa moto. Hawa wanahitaji mofini, na wanaihitaji leo. Hospitali ya Selian ilianza huduma yake ya tiba shufaa mwaka 1999, timu ikiwafuata wagonjwa hadi vitandani mwao vijijini, na Kanisa la Kilutheri likaieneza kwenye hospitali zake nyingine. Mofini ya maji ni unga uliochanganywa na maji, bei yake ndogo, mgonjwa anaipima mwenyewe kila baada ya saa nne pamoja na dawa ya kulainisha choo. Akipewa hivyo kwa saratani, hageuki teja. Analala, anaongea na wanawe, anakula. Ndugu wanaokataa chupa hiyo kwa kudhani inaharakisha kifo wanahitaji mtu wa kukaa nao na kuwaeleza, siyo kuwakemea.

Uganda ilianza mwaka 1993, Dk. Anne Merriman alipofungua Hospice Africa, na mwaka 2004 sheria yao ikawaruhusu wauguzi waliosomea tiba shufaa kuandika mofini. Hatua hiyo tunaweza kuichukua nasi. Mgonjwa wa saratani wa Ngarenanyuki hapaswi kubebwa kwenye Noah iliyojaa, juu ya mawe, kufuata mjini chupa ambayo nesi wa kituo chake cha afya angeweza kumpelekea mlangoni.